Kitabu Changu Kikageuzwa Harusi

Riwaya ile niliinunua Mwanza mjini, kwenye rundo la mitumba, imelaliana na mashati na viatu vya kizungu. Jalada lilikuwa limechanika. Ilisimulia habari za mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake. Niliisoma huku nalia, maana wakwe zangu kule Mara walikuwa wakinishinikiza niolewe na mdogo wa marehemu mume wangu. Nilikataa. Wakachukua ng'ombe, baiskeli, mpaka masufuria. Nikahamia Pasiansi, hapo Mwanza, na binti zangu wawili, nikaanza kushona nguo za watu.

Nilikuwa na rafiki mmoja tuliyeshibana, mwalimu wa kwaya yetu kanisani. Nilimwazima kitabu. Alikirudisha macho mekundu.

"Hiki kinaimbika," alisema. "Tukitengenezee igizo la nyimbo. Mjane uwe wewe."

"Mimi sijawahi kupanda jukwaani."

"Wala hutaigiza. Utasema yaliyokukuta."

Tukaanza. Mimi nilitunga maneno, yeye akatia sauti. Wimbo wa mwisho ndio niliouhangaikia zaidi: mjane anawakabili wazee wa ukoo na kuwaambia yeye si jembe la kurithishana. Kila tulipoufanyia mazoezi, mwili ulinisisimka.

Siku zile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na kila mwenye uwezo alijaribu lake. Mfanyabiashara mmoja wa samaki aina ya sangara alikuwa amejenga ukumbi karibu na ziwa, akatupatia bure, pamoja na vipaza sauti. Alikuja kututazama mara moja, kisha akamwita rafiki yangu nje. Walikaa huko kitambo. Nilidhani wanazungumzia viti.

Tulionyesha Jumapili mchana. Watu walijaa, wengine walivuka na kivuko kutoka Kamanga. Binti zangu walikaa mbele kabisa. Igizo lilikwenda vizuri mpaka ulipofika wimbo wa mwisho. Nikavuta pumzi, nikafumbua mdomo. Ngoma ikabadilika.

Ilikuwa ngoma ya harusi. Wanakwaya wakatokea na shela, wakanifunika. Yule aliyeigiza shemeji akanishika mkono. Wote walikuwa wakiimba wimbo nisioujua, na hatua zao zilikwenda pamoja bila kukosea. Hapo ndipo nilipoelewa: walikuwa wameufanyia mazoezi. Kwaya nzima ilijua isipokuwa mimi.

Nilimtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa akiongoza, uso ameuelekeza kwa waimbaji. Nilisimama kimya kama gogo, na watu wakapiga vigelegele wakidhani ni haya ya bibi harusi.

Nilimkuta nyuma ya jukwaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Mfadhili alisema watu hawaji ukumbini kutafuta huzuni. Wanataka warudi kwao wakicheka. Ni igizo tu, mwenzangu."

"Ni igizo kwako."

Njiani kurudi nyumbani binti yangu mkubwa aliniuliza, "Mama, mbona umekubali?" Nilimwambia tu aangalie anapokanyaga.

Igizo lilipelekwa Nansio, kule kisiwani, nafasi yangu akaicheza mwanamke mwingine, na nasikia lilipendwa sana. Sokoni wanawake nisiowajua waliniita bibi harusi. Nilizoea. Lakini habari zilifika mpaka Mara, na asubuhi moja shemeji yangu, yule wa kweli, akatokea Pasiansi amevaa koti na viatu vilivyong'arishwa.

"Shemeji, nimesikia umelainika," alisema. "Umekubali mbele za watu."

Ilinibidi nimkatae upya, mtu mzima, wanangu wakisikia. Aliondoka kwa aibu bila hata kunywa maji. Siku ile nilimkasirikia rafiki yangu kuliko siku ya ukumbini.

Mimi nilihamia usharika mwingine. Yeye alikuja karibu na Pasaka, amebeba sato wawili wabichi. Nilimkaribisha, nikampikia chai, tukaulizana habari za watoto. Kisha akasema anafikiria igizo jingine, akauliza kama nina kitabu kizuri.

"Vipo," nilimjibu. "Lakini siazimi tena."

Alikizungusha kikombe chake mpaka chai ikapoa, akingoja nimwambie kwamba yamekwisha. Sikumwambia. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kuparua samaki.