Maharage ya Bi Jaji

Jina la Bi Jaji alipewa na wanawe mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kula chakula cha mtu bila kukitolea hukumu. Huonja kwa ncha ya kijiko, hufumba macho, halafu hukata kesi. Na hakuna aliyehukumiwa mara nyingi kama mke wa mwanawe wa kwanza, mtoto wa watu, ambaye kosa lake ni kupikia presha kuka ya umeme.

"Maharage haya hayakuiva," alimwambia mbele ya mawifi. "Yametishwa tu na umeme, yakalainika kwa woga. Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Safari iliyofuata mkamwana alimletea mama mkwe presha kuka mpya, ndani ya boksi lake. Bi Jaji alishukuru kwa adabu zote, akaiweka juu ya kabati, akaitandikia kitambaa cha kufuma na kuipandishia maua ya plastiki.

Sasa, Bi Jaji ni fundi wa sare za shule, na shule zikikaribia kufunguliwa hana hata nafasi ya kujikuna. Msimu ule aliunguza maharage mara mbili akiwa anapiga mikunjo ya sketi. Mara ya tatu aliyateremsha maua, kisha presha kuka. Akatia maharage, kitunguu na maji, akafunga mfuniko, akabonyeza, akarudi kwenye cherehani. Yaliiva kuliko yote aliyowahi kupika, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Tangu hapo mwanamke mzima akaishi kama mwizi nyumbani kwake. Presha kuka ilihamia chumbani, kando ya kitanda. Kila Jumapili wanawe walipokuja kula, jiko la mkaa lilikuwa linawaka uani, na juu yake sufuria nyeusi iliyofunikwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na maji matupu.

"Mama, harufu ya mkaa hiyo!" walikuwa wakisema tangu mlangoni. Maskini, wanasifia maji.

Jumapili moja alichelewa kuyabandika maharage kule chumbani. Wageni walikuwa wamekwisha kuketi, naye yumo katika kumweleza mkamwana jinsi umeme unavyoua ladha, mara chumbani kukatoka: fyuuuu!

"Nini hicho, mama?" mwanawe akauliza.

Bi Jaji alitupia jicho mlango wa chumbani. Akijulikana leo, nani atamsikiliza tena mezani? "Paka," alisema.

"Paka anapiga mluzi?"

Mkamwana akainuka. Bi Jaji alidhani anakwenda chumbani, akafumba macho. Kumbe alielekea uani, penye jiko la mkaa, na huko kulikuwa kubaya zaidi. Sufuria ilisikika ikifunuliwa. Kisha ikafunikwa tena.

Alirudi akijifuta mikono, uso mkavu.

"Maharage yalikaribia kukauka, mama," alisema, wote wakasikia. "Nimeyaongezea maji." Kisha akamwinamia sikioni: "Na huyo paka, usimfungue mpaka atulie mwenyewe."

Chakula kilipofika mezani, Bi Jaji alikula bila kuonja kwanza. Mwanawe alitafuna, akamgeukia mkewe.

"Umeona? Haya ndiyo maharage. Ungejifunza kwa mama."

"Wewe kula, unyamaze!" Bi Jaji alimkemea kwa ukali hata yeye mwenyewe akashtuka, kisha akachota mchuzi mzito wa chini na kumwekea mkamwana.