Mbuzi wa Jepkemboi

Warigia hakuwa mtu wa kupekua mifuko ya mume. Wanawake wa mtaa wa Munyaka waliokuja dukani kwake kununua maziwa walimcheka kwa hilo, naye akawajibu kwamba mwanaume mzima hachungwi kama ndama. Maringo hayo yaliisha Wahome alipoanza kuingia na simu hadi chooni.

Akaenda mtaa wa West Indies kwa Murunga, fundi wa simu, akaonyeshwa namna ya kuunganisha simu ya Wahome na yake ili kila ujumbe umfikie yeye pia. Ilikuwa kazi ya muda wa mtu kuoga tu.

"Lakini Mama, ukishikwa, mimi na wewe hatujuani," Murunga akamwambia.

Ujumbe uliomchoma ulitoka kwa mwanamke wa kijiji cha Ziwa: "Ni Jepkemboi wa Ziwa. Mbuzi wako ready. Wazee waje Saturday." Wahome alikuwa amejibu: "Poa. Lakini Warigia asijue kitu."

Mbuzi na wazee! Mkikuyu gani asingeelewa hapo? Kuna mwanamke alikuwa anatolewa mahari, na Warigia alidhani anamjua.

Alimkimbilia Betty, mwenzake wa kwaya aliyekuwa karani kwa wakili mmoja mjini. Alitaka kuhurumiwa. Betty hakumhurumia.

"Hiyo ni makosa, Warigia. Simu ya mtu ni ya mtu, hata kama mmezaa. Anaweza kukupeleka kortini."

"Yeye anaoa bibi wa pili, na mwenye makosa ni mimi?"

"Sijasema yeye hana. Nimesema wewe unayo."

Warigia alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Kanisani si waliambiwa wao ni mwili mmoja? Mwili mmoja unajipelelezaje? Aliapa kuutoa ule muunganisho wa simu, kisha akasoma ujumbe kwanza, kisha akaacha kuutoa. Alijichukia, akamchukia Wahome zaidi.

Ijumaa, wakila chakula cha mchana, uvumilivu ulimwishia.

"Baba Ciru, Jepkemboi wa Ziwa ni nani?"

Wahome aliweka kijiko chini.

"Ni mtu ananiuzia mbuzi. Mbuzi ni wako. Watu wa yule kijana wa Ciru wanakuja kumposa binti yetu, na mimi sijawahi kumaliza mahari yako. Nitapokeaje ya mtoto kama yako iko nusu? Nilikuwa naona aibu. Nilitaka usikie mbuzi wakilia kwenu, basi."

Warigia alitaka kucheka, akataka kulia, akashindwa yote mawili.

"Na hilo jina umelitoa wapi, Mama Ciru?"

Wahome aliitazama simu yake, akaelewa. Akaiondoa nywila na kuiweka simu mbele ya Warigia, kando ya bakuli la sukari.

"Soma tu," akasema, akatoka.

Jumamosi mbuzi walifika kwao Warigia. Shangazi zake walipiga vigelegele, wakamvisha leso mpya. Kama ilivyo desturi, mzee wa ukoo alimsimamisha mbele ya watu wote na kumuuliza kama wapokee mali ya mtu huyu, kama kweli anamtaka.

Warigia alimtazama Wahome, ambaye alikuwa anatazama mbuzi. Alitamani mzee amuulize Wahome kwanza.