Mjomba Hamadi Mbele ya Fahali

Enzi zetu kijijini kwetu Vitongoji, miaka ya hamsini ikielekea sitini, karafuu zikishaanikwa na kuuzwa, watoto tulikuwa na hamu moja tu: mchezo wa ng'ombe. Zumari ikilia, chuoni hapakaliki. Hata maalimu alifunga msahafu mapema akijifanya ana safari.

Fahali hufungwa kamba ndefu, wanaume wakaishika, na wachezaji wakamwendea mmoja mmoja na kitambaa, kumchokoza na kumkwepa. Mjomba Hamadi, kaka yake mama, alikuwa habari nyingine. Nyumbani alikuwa mtu wa sauti ndogo, wa kutuchambulia fenesi na kutupaka mafuta mikononi ili utomvu usitugande. Uwanjani alicheza kwa madaha, kama anayemtania shemeji yake. Kisha mwaka mmoja akaanguka mkarafuuni, akavunjika mguu, ukaunga vibaya. Akaacha kucheza. Akawa anakaa nasi watazamaji, akitueleza fahali yupi ana hasira kweli na yupi anajitia.

Siku moja kamba ilikatika. Fahali mweusi, shingo nene, akaja moja kwa moja upande wetu wanawake. Watu wakatawanyika. Bi Mize, jirani yetu, mjamzito wa kukaribia kujifungua, akajikwaa akaanguka, asiweze kuinuka. Sisi tulipiga kelele tu. Ndipo nikamwona Mjomba akichechemea kumwendea fahali, kanzu kaikunja kiunoni, shuka yake ya begani iko mkononi.

"Kaka'ngu, rudi! Na mguu huo!" mama alilia.

Hakugeuka. Aliitandaza shuka, akamwita fahali kwa sauti ile ile ndogo, "Njoo huku, bwana. Mwenzio ni mimi."

Fahali akamgeukia. Pembe ikapita ubavuni, ikachana kanzu. Mjomba akazunguka kwa mguu mzima, akampitisha tena, na tena, akimvuta mbali nasi, mpaka wanaume wakamtia kamba nyingine.

Mama alimkumbatia, kisha akamgombeza mbele ya kadamnasi kwa kuichana kanzu mpya.

"Basi n'shonee, mdogo wangu," akasema Mjomba.

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Bi Mize alijifungua salama. Mumewe alishatangaza mtoto ataitwa Hamadi. Akazaliwa msichana, ikabidi watafute jina jingine.

Siku hizi vijana huja mchezoni na simu, wamempa fahali mgongo ili wajipige picha. Kamba ikilia kidogo tu, wote wako juu ya miti, viatu wameviacha chini. Nacheka, lakini moyoni natamani wangemwona Mjomba, Mungu amrehemu. Hakuacha hata picha moja. Tuliokuwapo tumebaki wachache, na mpaka leo, uzee huu, nikiulizwa mimi ni wa nani, simtaji baba kwanza. Nasema, "Mpwa wa Hamadi," halafu namtazama usoni, nione kama aliyeniuliza anajua anazungumza na nani.