Kahawa Isiyo na Povu

Mwalimu wetu wa tuisheni hapa Volos, Ugiriki, hagusi kompyuta kabla ya kahawa. Kila kiangazi, matokeo yakitoka, wazazi humwita awasaidie watoto kupanga machaguo ya vyuo kwenye mfumo wa taifa. Yeye huvua saa, hufuta miwani kwa shati, kisha humtuma mzazi jikoni. Jana ilikuwa zamu ya dada yangu.

"Udaktari uwe wa kwanza!" alifoka. "Stamatia ana alama za kutosha, tuzitupe?"

"Kahawa kwanza, Mama Stamatia. Na uiangalie isifurike, povu ndilo utamu wake."

Alipotoka, mwalimu alimsogezea binti kompyuta. "Haya, upesi. Wewe unataka nini?"

Stamatia akaweka elimu ya misitu juu kabisa.

Dada alirudi na kahawa iliyofurika ikapoteza povu lote. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Huko misituni," akauliza, "kuna baridi?"