Njia Mpya Haina pa Kumkwepea Baba Mkwe

Leo mkwe wangu Tumpe ameruka vyuma akatumbukia kwenye jaruba la mpunga, na kosa si lake.

Ni kwenye ile njia mpya ya miguu na baiskeli, inayotoka Kyela mjini kuja huku Ikolo. Wameifunga vyuma pande zote mbili kama zizi.

Tumpe yuko mbele anasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, mimi nyuma yake.

Mara huyo babu yenu, mume wangu, anatokea mjini!

Kwetu mwanamke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Anaacha njia, mzee apite.

Sasa aiache aende wapi?

Akanibwagia baiskeli, akaruka. Mzee naye kageukia vyuma, kajifunika mwavuli. Nyuma yetu kengele, kri kri kri!

Msimamizi wa ujenzi akaja anacheka. "Bibi, kila mtu ashike kushoto, njia inatosha."

"Kushoto unamfundisha nani, mwanangu? Huko Makwale mnakoiongeza, acheni nafasi kwenye vyuma mtu atoke."

"Mchoro umeshapitishwa, bibi."

Umechorwa na mtu asiye na mkwe!

Tumpe, tope mpaka kiunoni, anasema kesho anarudi barabara kuu, malori yanakopita yakikugusa sikio.

Harudi ng'o. Kesho natangulia mimi na sufuria, nagonga njia nzima: "Mkwe anakuja!" Mpaka watoboe hivyo vyuma.

Nyie wenye wakwe, huko kwenu mnapitaje?