Kilo Nne za Mama Khalfani

Siku Didas alipomwona Mwajabu kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amesimama mbele ya mizani yake, ndala kashika mkononi, akamwambia atazame pembeni.

Didas akatazama pembeni. Akaangalia ndoo za muuza dagaa wa jirani mpaka aliposikia chuma cha mizani kikilia kidogo.

"Haya geuka, maana mie mshale siuoni, tumbo limeziba," Mwajabu akasema. "Ila usinitangaze. Ukinitangaza tutagombana hapa hapa."

Hakuwa na haja ya kuonya. Didas hajawahi kumtangaza mtu. Wapima uzito wengine wa Tandale husoma kwa sauti ili wapita njia wasikie na wao wapande, lakini yeye sauti hiyo hakuwa nayo. Alikuja kutoka Rombo na darasa la saba lake, akabeba mizigo sokoni miaka kumi na mbili, mgongo ulipokataa akanunua mizani ya mshale na kukaa nayo kwenye baraza la duka lililofungwa. Kusema na watu kulimpa tabu tangu utoto. Kwa hiyo akawa anakata kikaratasi, anaandika kilo, anakikunja na kumpa mwenyewe. Wanawake wa sokoni walipogundua hilo wakawa hawaendi kwingine.

Mwajabu alifungua kikaratasi chake, akasoma tisini na saba, akakikunja tena na kukifutika kwenye pindo la kanga.

"Na muhogo wote huu ninaokula badala ya wali," akasema, na kuondoka.

Alikuwa muuza mchele. Meza yake ilikuwa upande wa nafaka, si mbali na baraza lile, na sokoni alijulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Khalfani. Alikuwa na sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Kilichomleta kwenye mizani Didas alikuja kukijua siku zilizofuata, maana Mwajabu alijenga mazoea ya kuketi kwenye kigoda cha pale barazani saa za jua kali, wateja wakipungua. Mama yake mzazi alipigwa na kiharusi akiwa na miaka hamsini na mbili, akakaa kitandani miezi saba, akafa. Mwajabu sasa alikuwa na hamsini na moja. Kwenye zahanati nesi mmoja aitwaye Gladness alimpima presha, akaikuta juu, akamwambia apunguze mwili: wali kidogo, mafuta kidogo, atembee, arudi kila mwezi.

"Mie naamka na mchele, nalala na mchele, naambiwa nisile wali," alimwambia Didas. "Si bora wangeniambia nisipumue?"

Didas akacheka chinichini, akitazama miguu yake.

Baada ya siku chache Mwajabu akaja na kichupa cha plastiki chenye vidonge vya kupunguza mwili. Kwenye lebo kulikuwa na picha ya kiuno chembamba cha kike na maandishi madogo ya kigeni. Alikinunua duka la dawa bila cheti cha daktari.

"Nimeulizwa swali moja tu, nataka kikubwa au kidogo. Hebu nisomee hapa, macho yangu hayafiki."

Didas akakigeuza kichupa mara mbili tatu. "Mimi mwenyewe sijui kimeandikwa nini, Mama Khalfani. Namba ndiyo naziona."

"Basi tupo sawa. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, hayo niliambiwa kwa mdomo."

Wiki ile ile mvua zilianza. Baraza likawa na tope, na Didas aliona vibaya wanawake wakivua viatu na kukanyaga saruji chafu yenye ubaridi. Muuza mazulia mmoja alimpa kipande kilichobaki, zulia jekundu lenye manyoya mazito. Akakitandika, akaweka mizani yake juu, akasogea nyuma kuangalia. Palipendeza. Kwa mara ya kwanza kazi yake ilionekana kama kazi ya mtu.

Mwajabu aliporudi, siku ya tisa tangu aanze vidonge, alisimama kwanza akashangaa.

"Makubwa. Umetutandikia kama sebuleni. Unaoa?"

Akapanda. Didas akasoma mshale, akausoma tena, akaandika. Mwajabu alifungua kikaratasi, akakisogeza karibu na macho. Tisini na tatu.

"Kilo nne," akasema polepole. "Kilo nne, Didas, kwa siku tisa."

Hamu ya kula, alisema, imekatika yenyewe. Sahani ya wali anaitazama kama anavyotazama gunia, bidhaa tu. Siku ile aliuza mchele akiimba.

Didas alifurahi naye. Ila tangu hapo akaanza kuona mambo. Mwanamke aliyekuwa anakuja na maneno sasa anakuja anahema. Midomo imekauka, anailamba kila mara. Alipopokea kikaratasi vidole vilitetemeka. Siku moja alikaa kwenye kigoda, akaweka kiganja kifuani, akakaa hivyo kwa muda.

"Unakwenda mbio," akasema. "Nimeketi, wenyewe unakwenda mbio."

"Moyo?"

"Moyo. Na usingizi sina. Nalala naangalia bati mpaka adhana." Akakitoa kichupa, akakiweka kwenye goti. "Sasa nisikilize, maana nyumbani nikisema wataninyang'anya. Ubaya wake nimeshaujua: moyo, usingizi, mdomo kama nimelamba majivu, na choo, choo ndiyo usiseme, juzi nimemwacha mteja na kilo yake mkononi. Uzuri wake ni mmoja tu, kilo. Lakini huo mmoja ndio nilioufuata. Nikiacha, zinarudi, presha inabaki, mie naishia kama mama. Nikiendelea, moyo huu. Wewe ungekuwa mie ungefanyaje?"

Didas hakuwa amezoea kuulizwa swali kama hilo. Akaokota kipande cha karatasi, akakikunja bila kuandika kitu.

"Ningemuuliza yule nesi," akasema mwisho.

"Nesi atanigombeza."

"Akugombeze tu."

"Nikimaliza kichupa," Mwajabu akasema. Akapanda mizani. Tisini na tatu, hazijarudi. Akamwonyesha Didas kikaratasi kile alichokiandika Didas mwenyewe, kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. "Umeona? Nitaachaje kitu kinachofanya kazi? Tena kuanzia kesho nameza vitatu, kiishe haraka, tumalizane."

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Maji yaliingia barazani na zulia likalowa chapa. Didas alilikamua, akalianika ukutani, akaiweka mizani kwenye saruji tupu. Wateja hawakuwapo. Kwa kukosa la kufanya akapanda mwenyewe, kama alivyopanda jana yake kwa kukosa la kufanya vilevile. Jana alikuwa kilo hamsini na nane. Leo mshale ulisimama kwenye sitini na moja.

Alidhani ameona vibaya. Akashuka, akapanda. Sitini na moja. Na hata chai alikuwa bado hajanywa.

Akaliteremsha zulia, lilivyo bichi, akaweka mizani juu yake. Hamsini na nane. Akainama akatazama kwa chini: tumbo la mizani lilikuwa limezama kwenye manyoya, linagusa, uzito mwingine unaishia huko huko bila kuufikia mshale. Akaiweka kwenye saruji. Sitini na moja.

Didas akaketi. Kwanza aliwaza watu wote aliowaandikia uongo kwa mwandiko wake. Halafu akawaza mtu mmoja, na vidonge vitatu.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, hakuna haja ya kuficha. Angelitupa zulia, na siku Mwajabu akipanda akakuta tisini na sita angesema vidonge vimechoka. Kwenda kwenye meza ya muuza mchele, mbele ya wenzake, mwanamke mwenye sauti ile, ukamwambia kilo ulizoringia hazikupungua, mizani yangu ilikosea, hilo lilikuwa jambo la kumtoa jasho mtu jasiri, sembuse yeye. Halafu nani angepanda tena mizani yake? Lakini kila alipofikia uamuzi wa kukaa, aliona kile kiganja kifuani.

Akaibana mizani kwapani, zulia bichi begani, akaenda upande wa nafaka.

Mwajabu alikuwa anapepeta, uso umempauka. Karibu yake alisimama Marijani, mchukuzi wa magunia.

"Mama Khalfani," Didas akasema, "leo umemeza?"

"Ndiyo kwanza nakitafuta kichupa. Vipi, umehama na nyumba yako?"

"Usimeze." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, wauzaji wawili wakageuka. Alishusha macho, akamaliza akiwa anaiongelesha meza. "Zile kilo hazikupungua. Ni zulia. Mizani ikikaa juu ya zulia inasoma pungufu. Nimejua asubuhi hii. Kosa ni langu."

Mwajabu akaweka ungo chini.

"Didas. Mie nauza kwa mizani mwaka wa kumi na nane. Wezi wote wa mizani nawajua kwa majina. Wewe ndiyo unaniambia zulia?"

"Pima mwenyewe."

"Marijani," akasema bila kumwondolea Didas macho, "nipe hicho kiroba cha hamsini. Nimekipima jana kwa mkono wangu."

Marijani alikiinua kiroba, akakisimamisha juu ya mizani, kwenye sakafu. Wote watatu wakainama. Hamsini. Kisha zulia likatandikwa, mizani juu, kiroba juu. Arobaini na saba.

"Toba," Marijani akasema. "Zulia linakula mchele."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Didas alisubiri sauti ile imshukie. Mwajabu alikitazama kiroba, akamtazama Didas, halafu akakaa juu ya gunia na kuanza kucheka. Alicheka mabega yakatikisika, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mie mwenyewe mizani yangu siiwekagi juu ya gunia," akasema alipoweza. "Kila mtu hapa anajua, mizani chini pagumu. Nimepanda kwenye zulia lako na miguu yangu miwili, nikaona urembo tu." Akashika kifua, safari hii kwa kicheko. "Kumbe nikiviacha sina cha kupoteza. Ningekufa kwa ajili ya manyoya ya zulia."

"Samahani, Mama Khalfani."

"Samahani ya nini? Hujui nilivyokuwa naogopa. Kuendelea naogopa, kuacha naogopa. Umenipunguzia kazi." Akakichukua kichupa chini ya meza. "Twende tukanigombezeshe."

Walikwenda wote wawili zahanati, Marijani akabaki na meza. Nesi Gladness aligombeza kweli, tena kwa utaratibu, kuanzia mwanzo. Aliigeuza lebo, akasema mtu mwenye presha hamezi kitu cha namna hiyo bila kupimwa, na kwamba vidonge vingine vya aina hii hata lebo haisemi vyote vilivyomo. Kuna dawa za uzito ambazo daktari huandika, akasema, kwa mtu anayefaa, naye hufuatiliwa. Kichupa cha kununua kama pipi ni habari nyingine. Akampima. Presha ilikuwa juu kuliko mwezi uliopita. Akampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, akaandikiwa dawa ya presha, akaambiwa arudi baada ya siku tatu.

Kwenye mizani ya zahanati alikuwa na tisini na sita.

"Moja imepungua kweli," Mwajabu akamwambia Didas pale nje. "Na hiyo moja ni ya chooni."

Baada ya hapo mambo yalikwenda bila mbwembwe. Moyo ulitulia ndani ya wiki moja. Usingizi ulirudi, tena mwingi, siku moja alisinzia juu ya mchele mpaka mteja akamwamsha. Wali aliupunguza kwa manung'uniko, akahamia kikombe kimoja cha kupimia, kilekile anachouzia. Asubuhi akawa anatembea kutoka kwake Mwananyamala hadi sokoni. Kila mwezi alikwenda zahanati, na kila akirudi alipitia barazani kusema presha imesomekaje, na Didas aliiandika kwenye kikaratasi, akakikunja, akampa. Ulikuwa utani wao. Kilo ziliteremka kwa uvivu, nusu leo, hakuna kesho, lakini presha ilitangulia kuteremka.

Wateja wa Didas hawakukimbia. Wengine walikuja makusudi kumuuliza kama ni yeye wa zulia, wakapanda ili waone ukweli wao, wakanuna, wakalipa.

Mwaka uliofuata Khalfani alimaliza chumba cha mbele cha nyumba yake Chanika, akamfungulia mama yake duka la nafaka. Siku ya kuhama, gari la mizigo lilisimama upande wa pili wa barabara, Marijani akipakia. Mwajabu akavuka kuja barazani. Mwezi ule alikuwa ametimiza hamsini na mbili, umri ambao kiharusi kilimpiga mama yake. Hawakulitaja hilo, ila Didas alilijua, naye alijua kuwa Didas analijua.

Didas alikuwa na maneno ya kumwambia, aliyapanga tangu jana. Alipofungua mdomo yakatoka mengine kabisa. "Chanika kuna zahanati?"

"Ipo. Nimeshakwenda kuiona."

"Dawa umebeba?"

"Nimebeba."

Dereva akapiga honi. Mwajabu akaipandisha kanga begani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono ile haikutetemeka.

"Haya, kaka'angu," akasema. "Mie mzima. Usikae hapo unaniwaza."