Mkunga wa Shemeji

Kwetu Bumula mkunga ni mama anayezalisha wengine. Kwa hivyo kaka yangu aliposema kwa simu kwamba ana mkunga sebuleni kwake Kitale, mama alidhani ameoa tena na mke anajifungua. Kumbe ni samaki mwenye umbo la nyoka. Alikuwa wa shemeji yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Kitale na tangi lake zima la maji ya chumvi. Shemeji alipofariki, kaka alibaki na samaki.

Msimu mmoja wa mvua kaka alikwenda kazini Suam, akatuomba mimi na mama tumkalie nyumba.

Siku ya kwanza sikupenda kumtazama mkunga huyo. Alikuwa mrefu kama mkono wangu, mweupe wa maziwa, na madoa meusi kama wino uliorushwa. Hakuwa na magamba wala mapezi ya ubavuni, ila pezi moja refu mgongoni. Mchana kutwa alijificha ndani ya kipande cha bomba, kwa sababu baharini wenzake huishi kwenye mashimo ya miamba. Kichwa tu kilitokeza, mdomo ukifunguka na kufungika.

"Hakutishi, anapumua tu," kaka aliniambia kabla ya kuondoka. "Lakini haoni vizuri, anategemea pua. Akinusa samaki kidoleni mwako, atauma kidole. Na usitie mkono wenye sabuni majini, utamuua."

Alasiri moja nilikuwa jikoni nikipara tilapia wakati radi ilipopiga, stima ikapotea. Pampu ya tangi ikanyamaza. Nikampigia kaka.

"Chota maji na kikombe, uyamwage kutoka juu yapate hewa," alisema. "Usiache! Nakuja." Laini ikakatika.

Nilipofika sebuleni, kifuniko kilikuwa kimesukumwa pembeni na bomba lilikuwa tupu. Mstari wa ute uling'aa sakafuni hadi chini ya kochi.

Mama aliuona kabla sijamzuia. Alipiga nduru, na jirani akaingia mbio na panga.

"Iko wapi?"

"Si nyoka, baba. Ni samaki," nilimwambia.

"Ati samaki? Inatambaa, mama! Toka hapo."

Nilisimama kati yake na kochi. "Ni wa marehemu. Ukimkata, kaka yangu nitamwambia nini?"

Jirani alimjua shemeji. Alishusha panga, lakini hakuliweka chini.

Nililoweka taulo ndani ya tangi, nikapiga magoti. Mkunga alikuwa amejikunja ukutani, ute wake umeshika vumbi, mdomo wazi. Mikono yangu ilinuka tilapia na sikuwa na muda wa kuiosha. Aligeuza kichwa taratibu, akanusa upande wangu.

"Mwanangu, acha," mama alinong'ona.

Nilimrushia taulo, nikamkumbatia nalo. Alijisokota kwa nguvu ambayo sikuitarajia, akaliuma taulo karibu na kidole gumba, nikahisi meno yakisaga kitambaa. Nilikimbia nikamwachilia majini pamoja na taulo.

Alizama chini, akalala ubavu. Nilichota na kumwaga, nikachota na kumwaga. Jirani alileta kikombe chake, akasimama upande wa pili, panga limeegemea ukuta. Kisha mdomo wa mkunga ukafunguka, ukafungika. Ukafunguka tena.

Stima ilirudi jioni. Kaka alipofika, viatu vimejaa tope, mkunga alikuwa ndani ya bomba, kichwa nje. Kaka aliketi sakafuni mbele ya kioo.

"Alikuwa akimwongelesha kila asubuhi," alisema.

Tangu mazishi hatukuwa tumemsikia akimtaja mkewe. Mama, aliyekuwa ameshapanga nguo zake kurudi Bumula, alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Alikuwa akimwambia nini?" akauliza.